Maswali na majibu: Wewe mwanamichezo au mtazamaji?

Vyuo vimefunguliwa, barua zimejaa, na kama kawaida nusu yake ni kitambi. Leo nafasi ni ya wanachuo.

Shikamoo. Nasoma uhandisi mwaka wa tatu, Dar es Salaam. UE, mtihani wa mwisho wa muhula, imebaki wiki sita. Kila jioni nacheza mpira kwa muda wa saa moja. Mwenzangu wa chumbani anasema niache nikakae maktaba. Niache?

Marahaba. Usiache. Ukiifuta saa hiyo haitahamia kwenye vitabu, itahamia kwenye simu. Nimeishi hosteli, najua.

Mtu aliyekaa kitini tangu asubuhi, ikifika saa kumi na moja jioni jicho linasoma mstari uleule mara nne na hakuna kinachoingia. Ukikimbia, damu inapanda kichwani na mwili unatoa kemikali zinazosaidia seli za ubongo kukua na kuungana, hasa pale kumbukumbu zinapotunzwa. Halafu unalala vizuri, na usingizini ndipo ulichosoma kinapokaa sawasawa.

Huyo mwenzako, naweka dau, ni mtu wa kukesha na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Kopo dogo la mililita 250 huwa na kafeini kama miligramu 80, na baada ya saa tano hivi karibu nusu yake bado iko mwilini. Mwache atangulie chumba cha mtihani na mikono inayotetemeka.

Roger Bannister alikuwa akisomea udaktari London, na mazoezi yake aliyabana kwenye saa ya chakula cha mchana. Tarehe 6 Mei 1954 akawa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika nne, 3:59.4, na udaktari akaumaliza. Ila wiki ya mtihani wenyewe kaa mbali na mabeki wa rafu. Kifundo kikiteguka Jumapili, Jumatatu utapanda ngazi kwa mkongojo.

Mazoezi asubuhi au jioni?

Muda ambao huna kipindi. Swali lingine.

Nifanye mazoezi ya tumbo mara ngapi kwa siku ili kitambi kiishe?

Hili ni la tisa mwezi huu, na la kumi sitalijibu. Huwezi kuuchagulia mwili mahali pa kutoa mafuta. Mazoezi ya tumbo yanakaza misuli iliyo chini, mafuta yanabaki juu yake yanacheka. Tembea haraka, kimbia, na punguza chipsi mayai za saa nne usiku. Na ule mkanda wa kukata tumbo unaouzwa mitandaoni, kinachokatika ni bumu lako, ile hela ya mkopo wa kujikimu.

Mimi ni mwanamichezo sana, sikosi mechi, iwe ya hapa au ya Uingereza. Juzi kipindi kilihamishiwa ghorofa ya nne, nikafika nahema kama mzee. Nina miaka 22. Naumwa?

Wewe si mwanamichezo, ni mtazamaji, na barua kama yako huwa na mkia hata kama umeuficha. Mkia wenyewe ni mkeka wa kubeti. Bumu limeingia Ijumaa, Jumapili mkeka umechanika kwa timu moja tu, Jumatatu unakopa hela ya wali maharage. Siku hizi ukimuuliza mwanachuo anapenda mchezo gani, anakutajia kampuni ya kubeti.

Kama kifua kinauma, unazimia au miguu inavimba, nenda hospitali leo. Kama sivyo, huumwi, umelegea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli siku mbili. Ukienda kibanda umiza kutazama mpira mara mbili kwa wiki, dakika 90 kila mechi, hizo ni 180. Usiniambie huna muda.

Tuko wasichana sita, hosteli moja, Morogoro. Alfajiri giza, uwanjani wavulana wamejaa, barabarani tunapigiwa miluzi. Halafu tunaambiwa mtu akiwa kwenye siku zake asikimbie. Ni kweli?

Si kweli. Wengine maumivu hata hupungua wakitembea au wakikimbia taratibu. Anayetoka damu nyingi na kusikia kizunguzungu ndiye asijilazimishe. Aende akapimwe damu, huenda madini ya chuma yamepungua.

Kuhusu uwanja: ni wa chuo, si wa timu ya wavulana. Nendeni wote sita kwa waziri wa michezo wa serikali yenu ya wanafunzi, mtake siku mbili zenu, ziandikwe na kubandikwa ubaoni. Mkienda mmoja mmoja atawaambia "tutaangalia".

Mnaposubiri, ua wa hosteli upo. Nunueni kamba mruke. Chezeni rede! Shule ya msingi mliicheza mpaka mama anaita mara ya tatu. Nani aliwaambia ni ya watoto? Kaa katikati ukwepe mpira dakika kumi, kisha uniambie kama unahitaji mashine ya jimu. Na kuruka kunajenga mifupa, ambayo huendelea kukomaa mpaka unapokaribia miaka 30. Hedhi ikishakoma mifupa huanza kupungua upesi, na hapo ndipo wanawake wengi huvunjika nyonga kwa kuteleza tu bafuni.

Nina pumu. Nikae benchi?

Hapana. Muone daktari kwanza, pasha mwili polepole, na dawa ya kuvuta iwe mfukoni, si chumbani.

Mwanangu anacheza basketi chuoni na anasema atafuata njia ya Hasheem Thabeet. Nimkataze?

Kucheza usimkataze, mama. Mkataze hesabu hiyo. Thabeet alitoka Dar es Salaam, akapitia Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Ana zaidi ya futi saba. Wako ana ngapi? Vyuo vya Marekani humlipia ada mchezaji hodari. Hapa timu ya chuo ikikupa jezi na nauli, shukuru, kisha rudi darasani.

Chuo chetu hakina uwanja. Tufanyeje?

Ngazi zipo, na barabara ipo kabla jua halijawa kali. Lakini kwanza chukua karatasi yako ya ada, uangalie kama kuna mstari wa michezo. Kama upo, ulizeni kwa maandishi hela hiyo inakwenda wapi.

Nilikosoma mimi palikuwa na uwanja wa netiboli. Nilipita mwaka juzi, ni maegesho. Nguzo moja ya goli bado imesimama, pete imepinda, na mlinzi ameifunga kamba ya kuanikia nguo.