Ayah na yaya ni ndugu?

Swali: Mhariri, mie nafanya kazi hotelini Nungwi, mgeni mmoja wa Kiingereza kanambia bibi yake alilelewa India na "ayah". Ndo yaya wetu huyu?

Jibu: Ukoo mmoja bwana. Waingereza walilipata India, na huko lilifika na Wareno, kwao aia ni mlezi wa watoto, Wareno haohao waliotuachia meza na leso. Ila kwa Kiingereza cha saa hizi limechakaa, linanuka ukoloni, wenyewe wanasema "nanny". Kwetu yaya ni wa mtoto, anaembeba na kumlisha uji, akiwa anakuna nazi na kudeki huyo mtumishi, au dada wa kazi. Hausigeli mie silipendi, mtu ana miaka 50 bado "geli"!