Presha, Matembezi na Mbwa Wangu Simba

Daktari aliponianzishia dawa za presha aliniagiza pia nitembee. Dawa nilimeza. Kutembea nikakuahirisha kila siku, leo mvua, kesho mgongo. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, watoto wako mbali, na nyumba yangu hapa Kahawa West ilinyamaza hadi nikawa nawasha redio ili nisikie tu sauti ya mtu.

Jirani mmoja akahama, akaniachia mbwa wake wa kienyeji, Simba. Nilikubali shingo upande.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilisikia kucha zake zikigonga sakafu ya simiti, mlangoni hadi kitandani, kitandani hadi mlangoni. Kisha akaweka kidevu kwenye ukingo wa godoro, akanikazia macho. Tangu hapo ndivyo anavyoniamsha. Mwanzoni tulifika dukani tu. Sasa ni nusu saa, siku tano kwa wiki, yaani dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima.

Presha yangu imetulia. Dawa bado nameza, nawe usiache zako kwa sababu ya mbwa. Mwaka 2013 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kwamba kufuga mnyama, hasa mbwa, huenda kukahusiana na kupungua kwa hatari ya magonjwa ya moyo. Huenda, hawakuapa. Na kule kutazamana kwetu kwa alfajiri kuna jambo: watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2015 kwamba mtu na mbwa wake wakitazamana kwa muda mrefu, oksitosini hupanda kwa wote wawili. Ndiyo homoni ileile inayomfunga mama na kichanga chake.

Lakini faida kubwa kwangu ni watu. Niliishi mtaa huu miaka mingi nikisalimia kwa kichwa tu. Simba ndiye aliyenijulisha kwa mama mboga, kwa watoto wa ploti ya pili, kwa kijana wa maziwa. Nilipolala na homa siku mbili, huyo kijana alikuja kubisha: "Mama, uko salama? Hatumwoni Simba." Nililia alipoondoka.

Ukitaka kufuga, fanya kwa haki. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, dawa ya minyoo, na usimfunge mnyororo mchana kutwa. Mtu akiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, kwa maana dalili za kichaa zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mjamzito asisafishe kinyesi cha paka, amwachie mwingine. Kama unaishi bedsita, yaani chumba kimoja, muulize kwanza mwenye nyumba, na ufikirie paka. Wangu wa zamani alitosheka na omena na dirisha lenye jua.

Na kama huwezi kufuga kabisa, mwombe jirani akuachie mbwa wake jioni moja. Mkifika Barabara ya Kamiti fupisha kamba, pikipiki hazisubiri.