Kuku wanakutwa bila vichwa asubuhi: kagua banda kabla ya kununua mbwa

Mkuu, umesema umepoteza kuku watano kwa siku mbili, vichwa havipo, miili imebaki kando ya wavu, mlango umefungwa vilevile, na sasa unatafuta mbwa. Subiri kwanza. Mimi nafuga kienyeji uani, Kibaha, na mbwa ninaye. Usiku kanu, yule mnyama wa porini mwenye madoa anayefanana na paka, alipoua saba kwangu, mbwa alikuwa kalala mlangoni pa banda.

Kwa maelezo yako, huyo mnyama hata ndani hakuingia. Kuku kalala ameegemea wavu, kavutwa kichwa kupitia tundu. Ule wavu mwepesi wa kuku kazi yake ni kumzuia kuku asitoke, basi. Kama huna hela ya kuung'oa wote, ongeza juu yake wavu mgumu wa kuchomelea, matundu ya nusu inchi, kuanzia chini hadi usawa wa kifua. Pigilia kwa misumari ya U, usifunge kwa kamba.

Kwangu ilikuwa kesi nyingine. Nilizunguka banda mara tatu sikuona pa kupita. Mara ya nne nikapanda ngazi. Kona moja bati lilikuwa limenyanyuka kwenye papi, ngumi yangu inapita, na kwenye kichwa cha msumari kumenasa manyoya mafupi ya kijivu. Mwembe wa jirani tawi lake lilikuwa limelalia paa. Kanu ni mpandaji, alikuwa anashuka zake kama mwenye nyumba. Nikaomba tawi likatwe, nikaziba kona zote.

Nguchiro yeye mara nyingi huja mchana na huchimba. Usihangaike kumwaga zege. Laza wavu chini kwa nje, upana wa futi moja na nusu kutoka ukutani, ufukie kwa mawe na udongo. Anaanza kuchimba pale ukuta ulipo, kucha zinakutana na wavu. Mwewe na kunguru shida yao hasa ni vifaranga. Wiki za mwanzo wafunike kwa tenga.

Ila kilichoniuma zaidi ni siafu, na watu hawawataji. Ilikuwa masika, mvua imekatika saa nane usiku, nikasikia kuku wanahangaika. Kumulika tochi, sakafu inatembea. Waliokuwa huru niliwafungulia wakatoka. Tetea aliyekuwa ameatamia hakunyanyuka kwenye mayai yake. Nilimkuta macho hayapo. Tangu hapo banda la kuatamia limeinuliwa kwa miguu minne, kila mguu umesimama kwenye kopo la oili chafu, na hakuna jani wala fito inayogusa banda kutoka nje, maana siafu watapita hapohapo. Mvua ikinyesha kagua makopo, maji yakijaa yanaimwaga oili.

Sumu usitege. Paka wa jirani ataila kabla ya kanu, halafu utaishi na huyo jirani vipi?

Leo usiku, kabla hujaenda dukani, sogeza fito za kulalia ziwe katikati ya banda, mbali na wavu kiasi cha mkono mzima. Kesho asubuhi mwaga majivu kuzunguka banda, yasawazishe, na keshokutwa uje na picha ya nyayo tujue unapambana na nani.