Maswali Yenu: Mpiga dramu wa mkono mmoja, na hofu ya mama kuhusu hevi metali

SWALI: Kaka habari za kazi. Napenda sana roki ya miaka ya themanini mana bro aliacha kaseti nyingi nyumbani. Juzi kijiweni nimebishana na washkaji, nawaambia mpiga dramu wa Def Leppard ana mkono mmoja wananicheka, wanasema haiwezekani mtu apige vile. Nisaidie. – Msomaji, Tanga

JIBU: Mdogo wangu wewe ndo uko sahihi, na hii habari naipenda kweli kwahiyo nivumilie. Jamaa anaitwa Rick Allen. 31 Desemba 1984, mkesha wa mwaka mpya, alikua anaendesha gari nje kidogo ya Sheffield, kwao huko Uingereza, gari ikapinduka na mkono wa kushoto ukakatika. Alikua na miaka 21 tu. Madaktari wakaurudishia, lakini ukaingia maambukizi ikabidi uondolewe tena. Sasa fikiria, bendi imetoka kuuza mamilioni ya albamu yao Pyromania ya 1983, iko katikati ya kazi ya albamu nyingine, bendi nyingi hapo zingeshatafuta mtu. Wao hawakutafuta, walimwachia mwenyewe aamue, na hapo ndo napowapendea hawa watu.

Rick pale kitandani akawa anagonga gonga na miguu kwenye kipande cha sponji, akagundua midundo yote bado iko kichwani, mkono ndo haupo. Akatengenezewa dramu za umeme za Simmons zenye pedali za ziada, kazi ya mkono wa kushoto ikahamia mguu wa kushoto, hasa snea, ile ngoma inayolia pa! 1986 walipoanza shoo ndogo ndogo Ireland waliweka mpiga dramu wa pili wa kumshikia, siku moja yule jamaa akachelewa kufika, Rick akaanza peke yake na mambo yakaenda, basi habari ya msaidizi ikaishia hapo. Agosti hiyo hiyo wakapanda jukwaani Donington, Uingereza, kwenye tamasha la Monsters of Rock, mwimbaji Joe Elliott akamtambulisha na uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe. Albamu yenyewe, Hysteria, ikatoka Agosti 1987 na imeuza zaidi ya nakala milioni 20. Isikilize vizuri, dramu zake zimenyooka, hazina mbwembwe, kila pigo lina sababu yake. Hao washkaji waangalie tu video za shoo zao, mkono mmoja wataouona kwa macho.

Ukitaka kuwamaliza kabisa waambie na ya Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath. Huyu alikua kibarua wa kiwanda cha mabati Birmingham, ana miaka 17, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye ni wa kushoto yani huo ndo mkono wa kubana nyuzi za gitaa! Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, baadae akawa anazilegeza zisimsumbue, na nyuzi zilizolegea ndo zikatoa ule mngurumo mzito ambao bendi za themanini ziliukuta tayari zikaurithi.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili. Kijana wangu wa kidato cha pili anasikiliza hizi kelele za hevi metali na anavaa tisheti za mafuvu. Kanisani tunaambiwa ni mziki wa shetani. Nimnyang'anye? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Shikamoo mama. Hofu yako naiheshimu, na hauko peke yako. 1985 huko Marekani kina mama wenye waume wakubwa serikalini, akiwemo Tipper Gore mke wa seneta Al Gore, waliunda kikundi wakatoa orodha ya nyimbo 15 wanazoziona mbaya, na 19 Septemba mambo yakafika Seneti. Akaja Dee Snider, mwimbaji wa bendi ya Twisted Sister, na minywele yake, akawaambia yeye ni Mkristo, ana mke na mtoto wa miaka 3, havuti sigara, hanywi pombe wala hatumii madawa. Wimbo wake mmoja walikua wanausema ni wa visu na mateso, kumbe aliandika kuhusu mpiga gitaa wao aliyekua na hofu ya kufanyiwa operesheni ya koo. Yaliyotokea mwishoni ni stika za onyo kwenye albamu.

Sisemi kila wimbo unafaa mama, kuna mingine michafu kabisa ata mimi mtoto wangu simpi. Ila usimnyang'anye kwanza, kaa nae akueleze maneno ya wimbo anaoupenda. Master of Puppets ya bendi ya Metallica ya 1986 kwa mfano inatisha masikioni lakini inaongelea madawa ya kulevya yanavyomgeuza mtu mtumwa, na hayo si ndo unayomwambia kila siku?

SWALI: Eti Freddie Mercury ni mtoto wa Zanzibar, na aliimba hevi metali? – Msomaji, Muscat

JIBU: Kuzaliwa ni kweli, Mji Mkongwe, 5 Septemba 1946, familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Queen, bendi aliyokua anaimbia, sio bendi ya metali ila nyimbo nzito walikua nazo mapema, Stone Cold Crazy ya 1974 inakimbia balaa, Metallica wakaja kuirudia 1990 wakachukua nayo Grammy. Na kwenye ile konsati ya kumuenzi Freddie, Wembley 20 Aprili 1992, James Hetfield wa Metallica aliiimba akiwa na Queen wenyewe, Tony Iommi kasimama na gitaa lake, na Def Leppard nao walipanda siku hiyo hiyo, Rick Allen yupo nyuma ya dramu zake.