Keria na madigadi kwenye baiskeli isiyo na friwili

Ndugu yangu wa mtaa wa Kisasa, Dodoma, umeuliza kama baiskeli yako isiyo na friwili, ambayo pedeli hazisimami gurudumu likizunguka, inaweza kufungwa keria na madigadi, uende nayo soko la Majengo hata mvua za Januari zikinyesha. Inawezekana. Fremu haina matundu ya boliti? Tumia klempu, uzungushie kwanza kipande cha tyubu kuukuu ili isikwaruze rangi. Kinachonitia hofu ni madigadi ya mbele: ukikata kona huwezi kutuliza miguu, na ncha ya kiatu ikinasa hapo utaanguka. Geuza usukani, zungusha pedeli taratibu, upime kabla hujakaza nati. Nyuma acha nafasi, maana gurudumu hutolewa kwa kuvutwa nyuma. Na tafadhali, ukipakia debe la mahindi usitegemee miguu peke yake kuisimamisha baiskeli. Iwekee breki ya mbele.