Haemanthus au Scadoxus? Angalia kromosomu

Uliuliza kama ua letu la mvua bado linaitwa Haemanthus, siyo Haemanthus tena mkuu, lile ua jekundu la duara kama mpira linalotoka ardhini mvua zikianza ni Scadoxus multiflorus, vitabu vya zamani ndo vinakuchanganya. Wataalamu wa mimea Friis na Nordal walizitenganisha hizo jenasi (makundi ya spishi za karibu) mwaka 1976 na sababu mojawapo ilikuwa kromosomu, yaani vile vijiuzi vinavyobeba vinasaba ndani ya seli, Haemanthus ina 16 kwenye seli, Scadoxus 18. Na majani yenyewe yanakubaliana na hiyo hesabu, Haemanthus nyingi zina majani manene kama ulimi na zinakaa kusini mwa Afrika huko, Scadoxus ya kwetu Tanzania na Kenya jani ni jepesi, siyo nene, na mshipa wa katikati unauona kabisa.

Kuhesabu siyo uchawi, unakata ncha ya mzizi mchanga, unaitia dawa, unaipaka rangi, unaibonyeza chini ya kioo mpaka ilale bapa halafu unatafuta kwenye hadubini seli inayogawanyika, tulifanya na kitunguu maji shule nikapata 15 wakati zipo 16 haha.

Ila namba peke yake usiiamini sana. Lycoris za China na Japani, maua mengine ya jamii hii, kuna zenye 22, kuna zenye 14 au hata 12, na bado ni jenasi moja, maana ukihesabu mikono ya kromosomu (vipande vinavyotoka kwenye kifundo chake) badala ya kromosomu zenyewe unakuta kote ni 22, fupi mbili za mkono mmoja mmoja zimeunganishwa kuwa moja ndefu ya mikono miwili au ndefu imekatika mbili.