Cheti cha usajili si leseni

Wengi wakishapata cheti cha jina la biashara hudhani wamemaliza. Cheti hicho kinaeleza tu nani yuko nyuma ya jina. Ruhusa ya kuuza hutoka kwenye leseni, na kodi ina dawati lake. Hata jina lenyewe bado halijalindwa: alama ya biashara husajiliwa peke yake, kwa kundi la bidhaa au huduma. Mfumo wa kimataifa wa Nice, unaopanga bidhaa na huduma hizo, una makundi 45. Tafuta kwanza kwenye daftari la alama, ndipo uchapishe bango.

Umbo la biashara nalo lina uzito. Ukiwa mmiliki binafsi, deni la duka ni deni lako, na mdai anaweza kufuata mpaka mali ya nyumbani. Kampuni ni mtu mwingine kisheria, jambo lililothibitishwa Uingereza mwaka 1896 katika kesi ya Salomon. Lakini ukisaini udhamini binafsi benki, yaani ahadi ya kulipa mwenyewe deni la kampuni, kinga hiyo umeitoboa mwenyewe. Wabia wasio na mkataba ndio huumia zaidi. Chini ya sheria ya ubia ya Uingereza ya 1890, kama hamkukubaliana vingine, faida hugawanywa sawa, hata kama mtaji wote aliuleta mmoja.

Usikimbilie kulipa pango. Uliza kwanza eneo limeruhusiwa kwa matumizi gani, kisha mwite mkaguzi mapema. Kwa biashara ya chakula atatazama sinki ya kunawia mikono, tofauti na ya vyombo, na kuta zinazosafishika. Kupasua ukuta wa mtu ili upitishe bomba kunahitaji idhini yake ya maandishi. Mkatabani ongeza kifungu kimoja: leseni ikikataliwa, mkataba unavunjika na amana inarudi. Mwenye nyumba akikikataa, bora ujue kabla hujalipa.

Namba ya mlipakodi ikishatoka, uliza siku hiyohiyo ritani (taarifa ya kodi unayowasilisha) ya kwanza ni lini. Mara nyingi mwezi usio na mauzo nao hutakiwa ritani ya sifuri. Ukinyamaza, faini hulimbikizwa. Stakabadhi za mashine zipige picha mapema, maana karatasi yake huchapwa kwa joto, si kwa wino, na maandishi hufifia.

Halafu tahajia. Jina la kitambulisho, cheti, pango na akaunti liwe lilelile, herufi kwa herufi. Herufi moja ikipotea, fomu hurudi na foleni inaanza upya.